Msokoto wa Tumbo na Picha ya Eksirei

Neno msokoto twalijua sote tangu utoto. Mtu akikatwa na tumbo, hapa Ufipa na kwingineko, husemwa ana msokoto au mchango. Hupewa maji ya mizizi, na mara nyingi huamka mzima. Lakini uko msokoto ulio msokoto kweli. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ikiwa ndefu na kulegea, hujipinda juu ya shina lake kama kamba mkononi mwa msokotaji. Njia hufungwa, na damu isipopita, utumbo hufa ungali ndani ya mtu.

Dalili zake ni tumbo kuvimba na kukaza kama ngoma, kukosa choo, na hata upepo usitoke. Kutapika huenda kukachelewa, basi msikungojee. Kwa mtoto mchanga si hivyo: akitapika nyongo ya kijani, asilale nyumbani hata usiku mmoja.

Mganga wa hospitali akiisha kumpima kwa mikono, humpeleka kwenye eksirei, mionzi aliyoigundua Röntgen, Mjerumani, mwaka 1895. Katika picha hiyo mifupa huwa myeupe na hewa nyeusi. Utumbo uliojisokota hujaa hewa, ukainuka toka nyongani hadi chini ya mbavu. Pande zake mbili hugusana na kuacha mstari katikati, ukafanana kabisa na punje ya kahawa. Waliopita Mbozi wakati wa mavuno hawahitaji kuchorewa. Picha haisemi wazi kila mara. Ndipo siti-skani husaidia, maana huonyesha hata mishipa ya damu ilivyozungushwa. Lakini tumbo likiwa gumu kama ubao, na mgonjwa amezidiwa, waganga huweza kupasua bila kungoja siti-skani.

Utumbo ukiwa ungali hai, mganga huweza kupitisha mpira kwa njia ya haja kubwa. Hewa hutoka kwa kishindo, na maumivu hutulia. Hapo wengi hukosea, hurudi nyumbani wakidhani yamekwisha. Msokoto huu hupenda kurudi. Mganga akishauri kukikata kipande kile kirefu, na asikilizwe.

Sisi tuliwahi kumkalia mzee mmoja siku mbili, tukimnywesha uji na kukubali apigwe bomba la mizizi, kabla ya kumpandisha kutoka Muze, katika Bonde la Rukwa, hadi hospitali ya Sumbawanga. Picha ilipigwa kwa dakika chache. Walipompasua, utumbo ulikuwa umekwisha kuwa mweusi. Alipona, ila kwa miezi kadhaa alitoa choo kwa tundu la tumboni.