Somo la 14: Maji ya Kale Kuliko Jua



Chota maji kwa kikombe, uyatazame. Jua lina umri wa miaka milioni 4,600 hivi. Lakini huenda baadhi ya maji hayo yalikuwapo kabla ya jua.

Tunajuaje? Mfugaji humtambua ng'ombe wake aliyepotea kwa chapa. Maji nayo yana alama yake.

Alama ya maji

Maji yamefanywa kwa chembe ndogo sana za hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni iko nyepesi na iko nzito. Nzito ina uzito karibu mara mbili ya nyepesi. Mtaalamu wa Marekani, Harold Urey, aliigundua mwaka 1931.

Katika maji ya bahari, chembe moja hivi katika kila chembe 6,400 za hidrojeni ni nzito. Katika gesi iliyofanya jua, ilikuwa moja hivi katika kila 50,000. Kwa nini bahari ina nyingi zaidi?

Kazi ya baridi

Nyota huzaliwa katika mawingu makubwa ya gesi na vumbi, mbali sana angani. Haya si mawingu ya mvua. Humo mna baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo, hidrojeni nzito ikishika haiachii upesi. Maji hufanyika juu ya punje za vumbi na kuwa barafu yenye alama. Kwenye joto kali alama hupungua.

Wataalamu wameona nini?

Jua na dunia vilitoka katika wingu moja. Mwaka 2014 wataalamu walipiga hesabu. Waliona kuwa gesi iliyolizunguka jua changa isingeweza peke yake kuyapa maji alama nyingi hivyo. Walikadiria kuwa huenda hadi nusu ya maji ya bahari yalitoka katika wingu la baridi.

Mwaka 2023 wengine walitumia mitambo ya ALMA, iliyo jangwani nchini Chile. Walipima maji yanayoizunguka nyota changa iitwayo V883 Orionis. Alama yake ililingana na ile ya maji ya mawingu. Maji yalikuwa yametoka winguni bila kufanywa upya.

Basi ndugu, mvua ni ya leo, lakini maji yake ni ya kale mno. Tuyatunze.

Maswali

1. Hidrojeni nzito iligunduliwa mwaka gani?
2. Baridi hufanya kazi gani katika mawingu ya angani?
3. Eleza kwa maneno yako: kwa nini alama ya maji ni kama chapa ya ng'ombe?