Kumbandika Mtu Jina Ovu

Mwaka 1963 mtaalamu wa Kimarekani, Howard Becker, alitoa kitabu chake *Outsiders*, akasema: upotovu si sifa ya kitendo, bali ni jina abandikwalo mtendaji na wenziwe, na jina hilo humfungia milango ya kazi na ya watu wema, asione pa kwenda ila kwa waovu.

La kwanza hatulikubali: haramu ni haramu, hata asijue mtu. La pili ni kweli tupu. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina mabaya, na mlevi alipokwisha kuadhibiwa, Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kumlaani, wasije wakamsaidia Shetani juu ya ndugu yao. Basi kijana aliyeiba mara moja akatubu, mbona mitaani mwetu angali akiitwa mwizi, na posa yake ikirudishwa?