SOMO KWA MAKATIBU: KUMWONDOA MPANGAJI KATIKA JENGO LA CHAMA



Vyama vyenye fremu za maduka Kariakoo huniuliza mara kwa mara: je, ni lazima kumlipa wakili ili kumwondoa mpangaji asiyelipa kodi? Si lazima. Lililo lazima ni amri ya chombo chenye mamlaka, na hapo ndipo vyama vingi hujikwaa.

Chama kimoja nilichokikagua kilitia kufuli fremu ya mpangaji aliyekuwa na deni la miezi minne, bidhaa zake zikiwa ndani. Mpangaji akashtaki. Chama kilichokuwa kikidai kikageuka mdaiwa, na fidia ikatoka katika akiba za wanachama, wengi wao wauza mitumba na mama lishe. Katibu alinieleza kwamba alifuata desturi ya mtaa. Desturi hiyo haimo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

Wazee wanaokumbuka udhibiti wa kodi watambue ya kuwa sheria yake ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Sasa chama huanza kwa notisi ya maandishi, ipokelewe kwa saini. Ikiwa upangaji hauna muda maalumu na kodi hulipwa kila mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja. Shauri hutangulia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Suluhu isipopatikana Baraza hutoa hati, na siku 30 zikipita bila suluhu, chama chaweza kuendelea bila hati hiyo. Ndipo madai hufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, yaani Ilala. Jengo ambalo thamani yake yapita uwezo wa Baraza huenda Mahakama Kuu. Huko nashauri wakili.

Mbele ya Baraza la Wilaya, sheria ya mwaka 2002 yaruhusu shirika kuwakilishwa na ofisa wake aliyeidhinishwa. Basi Katibu aweza kusimama mwenyewe, akiwa na muhtasari wa Bodi unaomtaja kwa jina, mkataba, notisi na daftari la kodi. Daftari hilo nalitilia mkazo. Nimeona nakala za stakabadhi zisizosomeka, na kodi iliyopokelewa baada ya notisi pasipo maelezo yoyote. Mpangaji hudai, wala si bure, kwamba upangaji umeendelea.

Amri ikipatikana, hutekelezwa na dalali aliyeidhinishwa kisheria, si vijana wa sokoni.

Vyama visivyo na nakala za mikataba ya pango vinifahamishe kabla ya ukaguzi ujao.