Mgonjwa Aombaye Kufa

Ndugu Muislamu, mwezi wa Juni 2025 Bunge la Makabwela la Uingereza lilipitisha, kwa kura 314 dhidi ya 291, mswada wa kuruhusu mgonjwa aliyekadiriwa kubakiwa na miezi 6 au pungufu asaidiwe kufa. Kwetu Kenya, kwa kifungu cha 225 cha sheria ya jinai, amsaidiaye mtu kujiua aweza kufungwa maisha. Na kabla ya sheria hiyo tuna katazo la Sura An-Nisaa, aya ya 29.

Lakini yatupasa kupambanua mambo matatu. Kumuua mgonjwa kwa kumhurumia ni haramu. Kuacha matibabu yasiyofaa tena kitu, kwa kauli ya matabibu waaminifu, si kuua. Kumpa dawa ya kutuliza maumivu, kwa kipimo cha tabibu, ni wema.

Basi mzee wetu wa Msambweni au Diani akisema, "Nipumzisheni," tusimsomee katazo kisha tukenda zetu. Huenda alia kwa maumivu, au kwa kujiona mzigo. Atafutiwe dawa hospitalini, ageuzwe ubavu, aketiwe usiku. Tukimwacha pekee, tutawajibu nini hao waliopiga kura?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.