Nyumba za Zamani za Mbao na Tetemeko la Ardhi: Kinga Huanzia Kwenye Msingi

Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 6.9 liliukumba mji wa Kobe na maeneo jirani nchini Japani. Mtikisiko mkali ulidumu kwa takriban sekunde 20. Jumla ya vifo vilivyotokana na tetemeko hilo ilifikia 6,434, na zaidi ya nusu ya waliofariki walikuwa wazee. Wengi walikuwa bado wamelala katika vyumba vya chini vya nyumba za zamani za mbao. Nyumba hizo ziliwaangukia, wakabanwa vifua, wakakosa pumzi na kufariki ndani ya dakika chache, kabla ya mwokoaji yeyote kufika.

Kwa mhudumu wa afya, tukio hili lina funzo zito: hospitali bora haiwezi kumwokoa mgonjwa ambaye hakufikishwa akiwa hai. Tiba ya majeruhi hao ilipaswa kuanza miaka mingi kabla, kwa bolti, mbao na misumari.

Madhara kwa mwili

Majeruhi aliyebanwa kwa saa kadhaa anaweza kutolewa akiwa anazungumza, kisha hali yake ikabadilika ghafla. Misuli iliyokandamizwa hufa taratibu. Kifusi kinapoondolewa, damu hurudi katika misuli hiyo na kubeba potasiamu pamoja na protini za misuli. Potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Protini hizo huziba na kuharibu figo, na mkojo huwa wa rangi ya kahawia iliyokolea. Baada ya tetemeko la Kobe, wagonjwa 372 wa hali hii waliripotiwa, na baadhi yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Inapowezekana, majeruhi wa aina hii aanzishiwe dripu ya maji ya chumvi kabla ya kuondolewa kifusi. Asipewe maji yenye potasiamu. Mapigo ya moyo na kiasi cha mkojo vifuatiliwe kwa karibu.

Kwa nini nyumba hizo huanguka?

Mbao kwa asili ni nyepesi na hupinda kidogo bila kuvunjika, hivyo nyumba ya mbao iliyojengwa vizuri hustahimili tetemeko. Udhaifu huwa kwenye viungo. Nyumba nyingi za zamani za Kobe zilikuwa na paa zito la vigae vilivyolazwa juu ya udongo, kuta chache upande wa mbele kwa sababu ya milango mipana, na nguzo ambazo hazikufungwa vizuri kwenye msingi. Ardhi inaposukuma nyumba kwa ulalo, nguzo huinama, viungo huchomoka, na uzito wa paa huishusha ghorofa ya juu juu ya ile ya chini. Pale mchwa na unyevu vilipokwisha kula sehemu za chini za nguzo, maangamizi yalikuja haraka zaidi.

Japani ilikuwa imeimarisha kanuni zake za ujenzi mwaka 1981, na nyumba zilizojengwa baada ya hapo zilistahimili zaidi. Mwaka huohuo wa 1995 ilitungwa sheria ya kuhimiza ukaguzi na uimarishaji wa majengo ya zamani.

Hatua za kuimarisha nyumba

1. Ukaguzi. Fundi mwenye ujuzi au mhandisi achunguze msingi, mbao za chini, kuta na paa. Mbao inayozama ikichomwa kwa bisibisi imeoza au imeliwa, ibadilishwe kwanza.

2. Msingi. Msingi wenye nyufa urekebishwe, na mbao inayolala juu yake ifungwe kwa bolti ili nyumba isiteleze.

3. Kuta. Zipigiliwe plaiwudi imara au mbao za mshazari, kwa uwiano pande zote. Upande mmoja ukiwa imara na mwingine dhaifu, nyumba hujisokota.

4. Viungo. Nguzo zishikizwe kwa vyuma juu na chini, kwa sababu ukuta ulioimarishwa huvuta nguzo zake kwa nguvu kubwa zaidi.

5. Paa. Vigae vizito vibadilishwe kwa paa jepesi.

6. Samani. Makabati marefu yafungwe ukutani, na yasikae karibu na kitanda.

Nyumba iliyoimarishwa inaweza kupata nyufa, hata isifae kukaliwa tena. Lengo ni ibaki imesimama na waliomo watoke wakiwa hai.

Asiye na uwezo afanyeje?

Tarehe 1 Januari 2024, tetemeko la rasi ya Noto liliangusha tena nyumba nyingi za zamani za mbao, na tena wazee walikuwa wengi miongoni mwa waliofariki. Ujuzi ulikuwepo, na serikali nyingi za mitaa hutoa ruzuku. Lakini mzee anayeishi peke yake kwa pensheni huona gharama ni kubwa kwa nyumba asiyekuwa na wa kumrithisha. Kwake, hatua ndogo ina thamani kubwa: kuimarisha chumba cha kulala pekee, kuweka humo kizimba imara cha mbao au chuma juu ya kitanda, au kuhamia ghorofa ya juu ikiwa miguu inaruhusu.

Mhudumu wa afya anayemtembelea mgonjwa nyumbani yuko mahali pazuri pa kuuliza: Unalala wapi? Kitu gani kinaweza kukuangukia? Njia ya kutokea iko wazi?

Maswali hayo yanatuhusu nasi. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la Kagera liliua watu 17 nchini Tanzania na kujeruhi mamia. Nyumba za matofali na za udongo zinahitaji mbinu zake za uimarishaji, lakini kanuni ni ileile: paa, kuta na msingi vishikane kama kitu kimoja.

Hitimisho

Tetemeko halizuiliki, lakini kuanguka kwa nyumba kunaweza kuzuiwa. Anza leo kwa kilicho karibu: tazama kitanda chako, kisha kabati lililo kando yake.