Dondoo muhimu: Kiganja kikipauka
Kwenye ngozi nyeusi upungufu wa damu haujionyeshi kirahisi usoni. Mpeleke mtoto mwangani, vuta kope la chini, kisha linganisha kiganja chake na chako. Ukiona weupe mahali pa wekundu, usisubiri siku ya mnada. Zahanati watampima wingi wa damu na malaria, mshukiwa wa kwanza huku mkoani Mara. Minyoo na selimundu nazo zichunguzwe. Akihema kwa shida au akilegea, ni hospitali ya wilaya leo hii, hata usiku, mganga wa kienyeji asimcheleweshe. Kwa mjamzito, wingi wa damu (himoglobini) chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Vidonge vyekundu vya madini ya chuma anavyopewa kliniki avimeze kwa maji: chai huzuia madini hayo kufyonzwa.