Mbolea ya Maji Kegonga

SWALI: Kikundi chetu hapa Kegonga kitafundishaje majirani kugeuza taka za shamba kuwa mbolea ya maji?

JIBU: Darasa bora ni pipa lenyewe: jazeni gunia samadi, maganda ya ndizi na majani ya tithonia, ile yenye maua ya manjano iotayo kandoni mwa njia, ambayo ina naitrojeni takriban asilimia 3.5 ya uzito wake mkavu. Kisha lining'inizeni katika pipa la maji la lita 200, mfunike, na kila siku ya tatu mkoroge mbele ya hadhara. Mabua ya tumbaku, zao mashuhuri la huku kwetu Kuria, nawasihi msiyatie, kwani huweza kuambukiza nyanya virusi. Baada ya majuma matatu, zimueni kipimo kimoja cha mbolea hiyo kwa vipimo viwili vya maji, mmwagie shinani, wala si juu ya mboga ziliwazo mbichi.